Maoni ya Watu wa Maposeni Juu ya Zimwi Lako

Lizaboni,
Songea.
Jumatatu, 23 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Dastan,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea, marahaba sana. Hujambo wewe? Hajambo wifi yangu Violeth? Na yule mtoto, kifua kimeachia au bado anakoroma kama mzee? Huko Bukoba nasikia mvua hazijui kupumzika, basi mfunikeni vizuri, msimwache na fulana moja tu mkasema ni mwanamume.

Sisi huku ni wazima. Baridi ya Juni imetushika kwelikweli, nashona nimevaa soksi mbili mbili na kanga juu ya sweta, nikiinuka kwenye cherehani magoti yanalia. Shemeji yako Marcelino anakusalimu, yupo shambani anamalizia kuvuna. Dorine wetu amefaulu mitihani ya muhula. Mimi mwili mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa kazi, ule naujua tangu zamani. Huu ni wa kuamka asubuhi hujafanya kitu na tayari umechoka. Na sababu yake, mdogo wangu, ni kitabu chako.

Umeniandikia mara mbili unaomba maoni ya wasomaji wa huku kwetu, kwamba mchapishaji wako anataka kuyajua kabla hajachapa mara ya pili. Ukasema niseme bila kuficha. Haya. Weka chai kabisa, maana sifichi.

Kwanza niungame kosa langu. Ulituma nakala moja ya *Hodi ya Lipembe*, ukaandika ndani kwa mwandiko mzuri: Kwa Dada Walburga na watu wote wa kwetu. Watu wote wa kwetu, Dastan, na kitabu kimoja! Hata wiki haikuisha, watu walishajipanga mbele ya kibanda changu kama wanagawiwa mbolea. Mimi mwenyewe nilikuwa sijafika hata katikati. Ndipo Polikarp fundi viatu, yule tuliyepakana vibanda, aliponiambia nisihangaike. Unakumbuka kile kitabu cha novena cha jumuiya, kilivyokuwa kimoja na kina mama tisa? Polikarp ndiye aliyekichana vipande, akashona kila kipande na gamba lake, kila mtu akasali kwake kwa zamu. Akasema cha Dastan kitakuwa vilevile. Nikampa.

Akakigawa vipande vinne, kurasa sitini sitini, akavishona kwa uzi wa soli na kuvivalisha karatasi ya mfuko wa saruji. Kazi safi, siwezi kumlaumu. Lakini novena ukianzia siku ya tano Mungu atakuelewa. Kitabu cha zimwi ukianzia katikati ni balaa.

Sasa maoni. Mwalimu Tumpe, yule wa kutoka Tukuyu aliyehamia shule ya hapa karibu, alikuta kipande cha tatu peke yake ndicho kipo, akakichukua. Amekirudisha kimejaa kalamu nyekundu. Anasema zimwi halimtishi hata kidogo, kwao Tukuyu zimwi la namna hiyo lingetumwa kuchota maji. Kilichomtisha ni vile vikao vya mtaa, watu wanakaa wanakubaliana jambo baya kwa kunyoosha mikono halafu wanafunga kwa sala. Amekupa sitini na mbili kwa mia. Nilipomuuliza thelathini na nane zimekwenda wapi akasema mwandishi anarefusha sentensi.

Polikarp alikuwa akisoma huku anashona. Maoni yake ni kwamba karatasi ni nyepesi mno, mchapishaji wako amewapunja watu. Shemeji yako alisoma kurasa nne akauliza mbona hakuna hata mtu mmoja mwenye simu humo ndani. Kisha akalala.

Mwanzoni tulicheka, sikudanganyi. Wewe ndiye uliyeandika kwamba zimwi la Lipembe linakuja mlangoni mchana kweupe, linapiga hodi kwa sauti ya mtu wa nyumba ile aliyekwenda mbali, na anayeitikia karibu haonekani tena. Basi njoo Lizaboni leo upige hodi. Kimya! Unasikia kijiko kinagonga sufuria ndani, unasikia redio inapunguzwa, na hakuna anayeitika. Imaculata, mwenyekiti wa jumuiya ya kule kwetu Maposeni, alikuja kuchukua sare zake za kwaya, akasimama nje ya kibanda akijitaja jina, ukoo na parokia aliyobatizwa. Nikamwambia pita mama, mazimwi hayashonewi sare. Tukacheka mpaka machozi. Akaondoka na sare zake na kipande cha pili cha kitabu. Nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe, Dastan. Nakumbuka hata nilimfungia kwenye mfuko.

Hapo ndipo kicheko kilipoishia.

Kipande cha pili ndicho chenye Bibi Sanane. Yule bibi wa kitabu chako anayeitikia kila hodi akisema karibu, na zimwi halimchukui, mpaka watu wa Lipembe wanaanza kuulizana kwa nini. Ana mguu wa kushoto anaouburuta. Ana mlango wa kijani uliotobolewa na panya chini, ukazibwa kwa bati la debe la mafuta. Na kila akipika ugali anapakua sahani moja ya ziada, anaifunika kwa ungo, anaiweka juu ya kinu. Kipande cha pili kinaishia pale wanapoona asubuhi sahani ni tupu, na mwenyekiti wa mtaa anauliza: Anamlisha nani?

Dastan, ulifikiri nani Maposeni hamjui Mama Mdogo Lidwina aliyekulea? Ulifikiri ukimwita Sanane watu watasahau mguu wake? Kuna mlango mwingine wa kijani wenye bati la debe kutoka pale hadi Peramiho? Nilipofika kwenye sahani ile mimi nilitabasamu, nikasema mtoto huyu hajasahau kwao. Wenzangu hawakutabasamu. Kipande kile kimoja kilizunguka jumuiya nzima, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyekuwa na mwisho wa hadithi.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwita mchawi, labda ingekuwa hivyo ningejua pa kuanzia ugomvi. Waliacha tu. Zamu ya jumuiya kusali kwake ilipofika, Imaculata akasema wiki hiyo wasali kwa jirani kwanza. Ilipofika tena, akasema hivyohivyo. Mwisho wa Mei alipika togwa mitungi miwili kwa ajili ya watu wa kupukuchua mahindi, kama wanavyosaidiana kila mwaka, leo kwako kesho kwangu. Mahindi yalimwagwa uani, viti vikapangwa. Hakuja mtu. Togwa ikachacha. Mama Mdogo akadhani amekosea tarehe. Aliniambia hivyo kwenye simu, anacheka, kwamba uzee umemharibia hesabu ya siku.

Nami nilinyamaza. Nilijua, sikumwambia. Ningeanzaje? Kwamba mtoto uliyemlea ameandika kitabu na sasa watu wanakuogopa? Nilisema nitakwenda Jumapili. Jumapili ikawa na sare za kipaimara, nyingine ikawa na msiba. Unaona jinsi tunavyofanana.

Tarehe 5 mwezi huu aliamka na homa kali. Simu yake haikuwa na chaji. Akajikokota kwa jirani wa kwanza, akapiga hodi. Kwa wa pili, akapiga hodi. Kwa wa tatu akapiga hodi mpaka miguu ikamkataa, akakaa pale kizingitini. Watu walikuwepo ndani, Dastan. Wamekiri wenyewe. Walisikia sauti yake, wakaijua, na kwa sababu waliijua ndiyo maana hawakuitika. Muuza maziwa aliyepita kwa baiskeli ndiye aliyemkuta, akamfikisha hospitali, kisha akanipigia.

Nilikupigia simu mara tatu siku ile. Hukupokea. Nikajiambia yuko kazini. Jioni ukanitumia ujumbe: Dada, maoni vipi? Nilitaka kuirusha ile simu kwenye shimo la choo, Mungu anisamehe.

Usishtuke, amepona. Alilazwa siku nne, malaria na upungufu wa maji, akarudi kwake. Nilimwambia aje akae na mimi hapa mjini, akakataa kabisa. Anasema akifunga ule mlango akaondoka, atakayekuja atafikiri amekufa. Nikajua hawezi kuhama, na mimi siwezi kwenda nyumba kwa nyumba kuwaapia watu. Kilichobaki ni kuwapa mwisho wa hadithi. Tatizo ni kwamba hata mimi sikuujua.

Nikaanza kukitafuta kipande cha nne. Kilikuwa kwa Egidi wa mashine ya kusaga, hapa hapa Lizaboni, tangu Pasaka! Nilimfuata nikiwa na hasira ya miezi miwili. Nikamkuta amekifunga kwenye kitambaa safi ndani ya boksi la spana. Kumbe huyu bwana mwenye umri wa kuwa na wajukuu hajapata kumaliza kitabu chochote maishani, na hiki amekipenda, anaogopa kisiishe. Kwa hiyo anasoma ukurasa mmoja kwa siku, akishafunga mashine. Jumapili hasomi. Zilikuwa zimebaki kurasa tisa.

Huyo ndiye msomaji wako bora, andika jina lake mahali. Nilipomwambia nakitaka leo aliniangalia kama nimemwomba figo. Nikamweleza habari ya Mama Mdogo. Akajifuta unga usoni, halafu akasema nisome mimi hizo tisa palepale, ila nisimwambie kitu. Nikasoma nimesimama, nimeegemea mashine. Nilipofika mwisho nikalia mbele ya wateja wenye madebe yao, Egidi akawa ameziba masikio hataki kusikia ninalialia nini.

Nikamwambia, Egidi, hizi kurasa utazimaliza wewe, kwa sauti, mbele ya watu, Maposeni. Akasema yeye si msomaji wa kanisani. Nikamwambia hata Sanane si bibi wa kweli lakini ona alivyotutesa.

Imaculata nilimpigia simu. Sikumsalimia, na wewe unajua mimi nasalimia hata mwizi. Nikamwambia Jumamosi jumuiya inasali kwa Lidwina, na kama hutaki, sare za kwaya za Krismasi utashonewa na zimwi. Akasema, "Dada Walburga, tumekosa." Nikamwambia kosa letu sote, njoo na watu wako, na watu waje na njaa ya kusikiliza.

Basi juzi Jumamosi tulikwenda, mimi na Egidi kwenye pikipiki yake, kipande cha nne nimekikumbatia kama mtoto mchanga. Mama Mdogo amekonda. Alikuwa amefagia uani, mahindi yake bado yamelala kwenye turubai yalivyomwagwa Mei. Wakaja kumi na wanane. Walikaa mbali na mlango, wameshikilia rozari, hakuna aliyegusa chai. Tukasali. Kisha nikawaambia mmesoma kipande cha pili, sasa kaeni msikie cha mwisho, na atakayeinuka kabla ya neno la mwisho asije kwangu hata kufupishiwa suruali.

Egidi akasoma. Anasoma polepole, kidole kwenye mstari. Akasoma watu wa Lipembe wanavyofika kwa Bibi Sanane na mienge, na yeye anawaambia subirini kidogo, kuna mgeni. Akasoma zimwi linapiga hodi kwa sauti ya mwanawe aliyekwenda asirudi. Bibi anaitikia karibu, anaifunua sahani, analiambia kula mwanangu. Halafu anaufunga mlango wa kijani kwa ndani, zimwi likiwa humo pamoja naye, na anawaambia walio nje warudi makwao, lisipokosa chakula halitakwenda kwa mtu mwingine. Na Lipembe ikapona kwa miaka yote ambayo mlango ule ulibaki umefungwa. Hapo Egidi akaondoa kidole kwenye mstari. Alibaki na mistari mitatu, hakuweza. Alimaliza Imaculata, akisomea begani kwake.

Baadaye Imaculata akainuka, akaenda kwenye turubai, akavua viatu, akachukua hindi na kuanza kupukuchua. Akaja mwingine. Mpaka saa kumi yalikuwa yamekwisha yote, magunia saba, na watu wanagombania nani apike mboga ya likolo na nani asonge ugali. Yule jirani wa mlango wa tatu alipiga magoti mbele ya Mama Mdogo, akamwambia shikamoo mama, nisamehe, nilikuwa ndani. Mama Mdogo akamwambia inuka, utachafua kitenge.

Sasa sikiliza, maana bado kuna msomaji mmoja, na ndiye ninayemwandikia barua hii.

Watu walipoondoka Mama Mdogo aliniambia nimsomee tena pale kwenye sahani. Kabla ya siku ile hakuwa amewahi kusikia hata neno la kitabu, macho yake siku hizi hayashiki maandishi madogo. Nikamsomea. Akaniuliza, "Ameandika na bati la debe?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama umesema ni debe la rangi gani. Nikasema la njano. Akacheka, akafurahi jamani, akasema kweli lilikuwa la njano, alilikata mwenyewe kwa panga, wewe ukishika mwisho mmoja, ukajikata kidole.

Kisha akapakua ugali. Sahani tatu. Moja yangu, moja yake, moja akaifunika kwa ungo akaiweka juu ya kinu. Nilikula nikiitazama. Mimi nilifikiri ile ni desturi yake tu, sahani ya mgeni yeyote. Nimeifikiria hivyo miaka yote. Nikamuuliza. Akanishangaa. Akasema kwani hujui, ilianza pale Dastan alipokuwa akirudi shule amechelewa, na alipoondoka kwenye monasteri ya Hanga bila kuaga nikaona nisiache, kwa sababu watawa walisema hawajui amekwenda upande gani, huenda yupo njiani.

Miaka kumi na moja, Dastan. Asubuhi anaila yeye mwenyewe, baridi. Ndiyo maana sahani inakuwa tupu.

Wewe ulijua. Usiniambie hukujua. Umeandika kitabu kurasa mia mbili na arobaini juu ya kitu kinachokuja mlangoni kwa sauti ya aliyeondoka, na sahani inayokisubiri. Watu wananiuliza zimwi ni nani, nami naminya midomo. Uliona aibu kwa sababu uliacha utawa. Nani alikuwa anakudai utawa? Aliyekuwa anakudai ni mmoja tu, naye alichodai ni uingie, ule.

Nimemwambia nitakuandikia, kama ana neno la kukwambia juu ya kitabu. Alifikiri sana, mkono juu ya ule ungo. Akasema, "Mwambie nimekisikia, ni kizuri, ila yule bibi asifunge mlango. Mwambie mimi wangu sifungi. Hata zimwi likija kupiga hodi kwa sauti ya Dastan nitaitikia karibu, kwa sababu nitajuaje ni siku ipi itakuwa yeye?"

Hayo ndiyo maoni. Mpelekee mchapishaji wako.

Mimi nimechoka kuwa mlango wako, mdogo wangu. Nimeitikia watu wako wote miezi mitatu, sina tena sauti. Njoo na Violeth na mtoto. Usitume nakala nyingine, usitume ujumbe. Panda basi, ufike Maposeni mchana, upige hodi wewe.

Nisalimie sana wifi yangu Violeth, mwambie vitenge viwili vyake nimeshavikata, nangojea vipimo vya mtoto. Anakusalimu shemeji yako Marcelino, anakusalimu Dorine, anakusalimu Polikarp ambaye amekishona tena kitabu kiwe kimoja, na Egidi, ambaye anauliza kama kuna kingine. Mungu akulinde barabarani, na Bikira Maria akushike mkono mpaka kwenye kile kizingiti ulichoshindwa kukivuka miaka yote hii.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimechoka,
Walburga.